Msumeno Hauna Macho: Jumuiya ya Kisiasa Ipo kwa Ajili ya Nini?

"Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma." Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, na kila unaposemwa huwa ni wa kusifu. Maana yake ni kwamba sheria haichagui: inamkata tajiri na maskini, mkubwa na mdogo. Sina ugomvi na maana hiyo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoutumia msemo huu siku hizi, katika vyumba vya mihadhara na hata barazani, kana kwamba ukali wa sheria ndio ubora wake wote. Msumeno hauna macho. Hukata tawi lililokauka, na hukata mguu wa binadamu, kwa meno yaleyale. Anayeusifu kwa ukali wake bado hajatuambia unakata nini, wala unakata kwa ajili ya nani.

Katika insha hii natetea hoja moja. Jumuiya ya kisiasa, yaani watu walio chini ya utawala mmoja na sheria moja, ina lengo, na lengo hilo ni ustawi wa kila mmoja wao pamoja na wenzake. Utulivu na utaratibu ni vyombo vya kulifikia lengo hilo. Havichukui nafasi yake. Sheria hupata heshima yake kutoka kwenye lengo hilo, na inapoligeuzia mgongo huanza kupoteza haki ya kutiiwa hata kama ina muhuri, namba na tarehe. Mafundisho haya huitwa nadharia ya sheria asilia. Wenzangu wengi huyaona kama kumbukumbu ya seminari, kitu cha kukariri kwa mtihani na kusahau. Nadhani hakuna watu wanaoyahitaji kuliko sisi.

Ninaishi Gatsata, sekta ya Wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa Kigali. Kwa asiyepafahamu: ukitoka stendi ya Nyabugogo ukafuata barabara ya kwenda Gatuna, mpaka wa Uganda, Gatsata ndiyo ya kwanza kukupokea. Chini ni bonde la mto Nyabugogo, lenye maji na matope. Kando ya barabara ni gereji na maduka ya vipuri. Juu ni kilima chenye mteremko mkali ambako nyumba zimepandana hadi karibu na kilele. Napataja kwa sababu mifano ya hoja yangu inapatikana hapahapa.

Tuanze na gereji. Asubuhi yoyote utakuta magari yamenyanyuliwa kwa jeki, injini zimefunguliwa, mafuta yanachuruzika. Muulize fundi: je, hili ni gari? Atajibu kwamba ni gari, ila ni bovu. Hatasema kwamba si gari kabisa, wala hatalihesabu sawa na yale yanayokimbia barabarani. Ubovu anautambua kwa sababu anajua gari ni la kufanyia nini. Sasa mchukue mtu mwingine mwenye orodha ya vipuri mkononi, lakini asiyejua kuwa gari ni la kusafiria. Atahesabu magurudumu manne, usukani, betri, rejeta, kisha atatangaza kwamba gari ni zima. Ndivyo afanyavyo mwanasheria anayepima sheria kwa kuuliza tu ilitungwa na nani, ilipita bungeni lini, na ilichapishwa katika gazeti lipi la serikali. Vipuri vyote vipo. Gari halitembei.

Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alitaja mambo manne yanayoifanya sheria kuwa sheria: iwe agizo la akili, ilenge manufaa ya wote, itoke kwa mwenye dhamana ya jumuiya, na itangazwe. Ukiondoa la pili, hayo matatu yaliyobaki ni vipuri. Miaka mia saba baadaye John Finnis, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu sheria asilia na haki za asili, alieleza kwamba sheria dhalimu ni sheria kwa maana iliyopungua, kama vile hoja mbovu ilivyo hoja iliyopungua. Hakuna anayesema kwamba hati dhalimu hutoweka mezani. Kinachosemwa ni kwamba huwezi kuelewa hati hiyo ni kitu gani bila kwanza kuelewa sheria iliyo nzima ni kitu gani.

Wapinzani wa mkabala huu ni wasomi wakubwa, na mkubwa wao katika karne iliyopita ni H. L. A. Hart wa Oxford. Mwaka 1958, katika mjadala wake na Lon Fuller, Hart alihoji: kwa nini tuchanganye mambo? Tuseme wazi kwamba hii ni sheria, kisha tuseme wazi vilevile kwamba ni ovu mno kiasi kwamba haifai kutiiwa. Hoja hii ni safi, na inavutia kwa sababu inamtaka mtu awe mkweli. Lakini inadhani kwamba msikilizaji atafika kwenye sentensi ya pili. Mahali ambapo watu wamelelewa kuamini kwamba kutii ndio uraia wote, sentensi ya kwanza inatosha kuwapeleka popote. Ukishawaambia "ni sheria", wengi hawasubiri kusikia zaidi. Sisi Wanyarwanda tunajua hivyo kwa gharama.

Tuuangalie mfano mmoja uliothibitishwa mahakamani. Jean-Paul Akayesu alikuwa burugumesta wa komuni ya Taba. Kwa mujibu wa hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, katika siku za kwanza za Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 huyu mtu alijaribu kuzuia mauaji katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili kulikuwa na mkutano kati ya serikali ya mpito ya wakati ule na maburugumesta. Baada ya mkutano huo alibadilika, na Taba ikageuka machinjio. Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Sasa tazameni. Kabla ya tarehe 18 na baada yake mtu alikuwa yuleyule, cheo kilekile, komuni ileile, polisi walewale. Mtu mwenye orodha ya vipuri haoni tofauti yoyote: mamlaka yalikuwapo kabla, na yalikuwapo baada. Kilichogeuka ni lengo. Chombo kilichoundwa kulinda watu wa Taba kilielekezwa kuwaangamiza baadhi ya watu hao hao wa Taba. Kama mtu ananiambia kwamba siku ya tarehe 20 Taba bado ilikuwa jumuiya ya kisiasa sawasawa na siku ya tarehe 10, namuuliza: jumuiya ya nani na nani?

Mfano wa pili unatugusa zaidi kwa sababu tunaushiriki kila mwezi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kwenda umuganda: tunazibua mitaro, tunapanda miti, tunatengeneza njia. Mimi napenda umuganda, nao ni ushahidi mzuri wa kile ninachokisema, kwamba watu hukutana ili kuufanya uhai wa pamoja uwe bora. Lakini kazi ya pamoja ya lazima ilikuwapo pia chini ya utawala wa Habyarimana tangu miaka ya 1970, na mwaka 1994 waliochochea mauaji waliazima lugha yake. Kuua kuliitwa "kazi", kwa neno lilelile la Kinyarwanda la gukora. Kilima kilekile, majirani walewale, mapanga yaleyale ya kufyekea vichaka, mpangilio uleule wa kuitana nyumba kwa nyumba. Ukipima kwa mpangilio tu, ule nao ulikuwa mpangilio, tena wa kutisha kwa ufanisi wake. Ukitaka kutofautisha umuganda wa leo na ile "kazi" ya mwaka 1994, lazima uulize swali ambalo msumeno hauwezi kuuliza: ni kwa ajili ya nini?

Kuna jambo la tatu, la kisheria kabisa, ambalo walimu wetu wa sheria wanalifahamu. Rwanda ilijiunga na Mkataba dhidi ya Mauaji ya Kimbari mwaka 1975, lakini sheria zetu za ndani hazikuweka adhabu kwa kosa lenye jina hilo. Pengo hilo lilishughulikiwa na Sheria ya tarehe 30 Agosti 1996, iliyounganisha mkataba ule na makosa yaliyokuwa tayari katika kanuni ya adhabu, kama vile kuua kwa kukusudia. Nakubali kwamba sheria ile ilihitajika. Bila sheria iliyoandikwa, mahakama ingekuwa uwanja wa kisasi. Lakini swali linabaki. Je, kuna mtu aliyesubiri hadi Agosti 1996 kujua kwamba lililotendwa lilikuwa uovu unaostahili adhabu? Sheria iliyoandikwa haikuuzaa uovu ule. Iliukuta, ikautambua, ikaupa jina la mahakamani. Hicho kitu kilichokuwapo kabla ya karani kushika kalamu ndicho kinachoitwa sheria asilia.

Nakuja sasa kwenye mapingamizi, maana naandika kwa ajili ya wenzangu ninaowajua, na najua watakachosema.

La kwanza: hii ni falsafa ya Wazungu na ya kanisa, tumeletewa pamoja na vitabu vya misa. Jibu langu ni kwamba jina limetoka huko, jambo lenyewe halikutoka huko. Katika Uislamu, ambao ndio uliobeba Kiswahili hadi Biryogo na Nyamirambo, wanazuoni kama al-Ghazali waliandika kwamba sharia ina makusudio, na wakayataja matano: kulinda dini, uhai, akili, kizazi na mali. Hao nao walikuwa wanauliza sheria ni ya nini. Kwa Kiswahili tunasema mtu ni watu, na tunapomwona mkatili tunasema hana utu, wala hatusemi amevunja kifungu. Kwa Kinyarwanda tunalo neno ubumuntu. Zura Karuhimbi, mama wa Ruhango aliyefariki Desemba 2018, aliwaficha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake mwaka 1994, akiwatisha wauaji kwa kujifanya mchawi. Hakuwa msomi wa Aquinas. Hakuhitaji kupewa kifungu. Alijua kwamba waliokuwa mlangoni na amri zao walikuwa kinyume na kitu kikubwa kuliko amri zao.

Hapo mpinzani makini atanigeuzia kisu: na padri Athanase Seromba je? Huyo alipitia seminari, ambako falsafa na teolojia hufundishwa, na bado alihukumiwa kwa mchango wake katika kuangushwa kwa kanisa la Nyange juu ya watu waliokimbilia ndani. Ni kweli, na ni aibu ambayo mtetezi wa sheria asilia hapaswi kuifunika. Nadharia haimchanji mtu dhidi ya uovu, kama vile kujua udaktari kusivyomzuia daktari kuugua. Lakini udaktari ndio unaotuwezesha kusema kwamba anaumwa. Bila kipimo cha aina hiyo tungelazimika kusema tu kwamba Seromba na Karuhimbi walikuwa na mapendeleo tofauti.

Pingamizi la pili ndilo lenye nguvu zaidi hapa Kigali: usalama kwanza, mengine baadaye. Thomas Hobbes alilisema mwaka 1651 baada ya kuiona Uingereza ikichinjana, na mtu aliyetoka tulikotoka sisi hawezi kulicheka. Nami silicheki. Natembea usiku Kigali bila hofu, na najua si miji yote inayompa mwanafunzi neema hiyo. Lakini "kwanza" ina maana mbili. Msingi hujengwa kwanza, ila hakuna anayejenga msingi ili akae juu ya msingi. Aristotle aliliweka vizuri: mji huanza kwa ajili ya kuishi, huendelea kuwapo kwa ajili ya kuishi vema. Usalama ni wa kwanza kwa wakati, si wa mwisho kwa lengo. Na serikali yetu yenyewe, kwa matendo yake, haiamini kwamba usalama ndio mwisho wa safari. Kama ingeamini hivyo, isingejisumbua na bima ya afya ya mutuelle, ambamo aliye mzima huchangia matibabu ya mgonjwa asiyemjua, na maskini kabisa hulipiwa na serikali. Gereza lenye nidhamu nalo lina usalama. Mutuelle ni kitu ambacho gereza halina: ni watu wanaobebana.

La tatu: kila mtu akianza kupima sheria kwa dhamiri yake, tutakuwa na vurugu. Wanaosema hivi hawajamsoma Aquinas hadi mwisho. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba hata sheria isiyo ya haki yaweza kumbidi mtu aifuate ili kuepusha fujo kubwa zaidi, isipokuwa pale inapoamuru uovu wenyewe. Tena sheria asilia haijidai kujua kila kitu. Malori yanayopita Gatsata yakitoka Kampala huendeshwa kushoto hadi Gatuna, na yakivuka mpaka huendeshwa kulia. Maumbile hayakuamua upande. Akili inasema tu kwamba usiue watu barabarani. Mamlaka huchagua upande, na wakishachagua tunawajibika kuufuata, kwa sababu lengo, yaani uhai wetu sote, halifikiki kila mtu akijichagulia wake. Kwa hiyo mtetezi wa sheria asilia anaheshimu sheria kuliko yule anayesema "ni sheria tu". Huyu anatii kwa kuogopa faini. Yule anatii kwa sababu ameelewa.

Nimefika kwenye jambo lililo juu ya kilima chetu. Katika miaka ya karibuni kaya za miteremkoni Gatsata, kama za sehemu nyingine za Kigali, zimetakiwa kuhama kwenye maeneo ya hatari, yale tunayoyaita amanegeka. Gereji na shughuli zilizokuwa bondeni nazo zimetakiwa kuondoka kwenye ardhi oevu. Barazani utasikia pande mbili tu. Wa kwanza husema: sheria ni msumeno, waondoke. Wa pili husema: hizi ni nyumba zao, waachwe. Nazikataa zote mbili, kwa sababu zote zinakwepa kufikiri.

Aquinas anatupa maswali matatu ya kuipima amri: ina lengo gani, imetolewa na nani, na imegawa mzigo namna gani. Lisoteshwe kila moja hadi lijibiwe.

Lengo. Mnamo tarehe 2 na 3 Mei 2023 mvua iliua zaidi ya watu 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, wengi kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Kilima hakisomi hati ya ardhi. Kumwacha mtu na watoto wake chini ya ukingo unaotaka kuporomoka, halafu kuiita hiyo heshima kwa haki zake, ni kumdhihaki. Na bonde nalo si mali ya aliye karibu nalo tu. Ardhi oevu hunyonya maji kama sifongo na kuyaachia polepole. Ukiifukia, maji yanahamia barabarani na majumbani. Mafuta yanayomwagika kwenye mto Nyabugogo huingia Nyabarongo, kisha Akagera, hadi Ziwa Victoria, ambako mvuvi wa Mwanza hakuulizwa. Kwa hiyo lengo ni la haki, na anayelipinga anapinga manufaa ya wote.

Mamlaka. Jiji lina dhamana ya mipango ya ardhi, na sheria zipo. Hapa pia sina shaka.

Mgao wa mzigo. Hapa ndipo wale wa msumeno hunyamaza, na hapa ndipo Aquinas alipotoa onyo ambalo kila diwani angelibandika ukutani: hata amri inayolenga manufaa ya wote huwa dhalimu kama mzigo wake umegawiwa bila uwiano. Nani anafaidika bonde likipona? Jiji zima, pamoja na wenye maghorofa ambao hawajawahi kukanyaga Gatsata ila kupeleka gari kwa fundi. Nani anapoteza akihamishwa? Fundi, ambaye mtaji wake si jeki na spana tu, bali ni kujulikana mahali alipo; na mama mwenye genge mteremkoni, ambaye wateja wake hawatamfuata kilomita 15. Kama faida ni ya wote na hasara ni ya wachache, na hao wachache ndio wasio na akiba, basi tunachokiita manufaa ya wote kimelipiwa na maskini.

Sheria yetu yenyewe inalijua hilo. Sheria Na. 32/2015 ya tarehe 11 Juni 2015, kuhusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma, inataka fidia ya haki, na inataka ilipwe kabla mtu hajahama. Lakini sheria nzuri ina kingo zake, na watu huangukia kingoni: aliyejenga bila kibali, mpangaji asiye na hati, fundi aliyekodi uwanja. Mtu wa msumeno atasema: hao hawana haki, kwa sababu hawana karatasi. Mimi nasema karatasi inathibitisha haki, lakini si chimbuko la haki zote. Mpangaji yule amekuwa sehemu ya mji huu kwa miaka. Ameutengenezea magari, ameubebea mizigo, ameulipia mutuelle, ameuzibulia mitaro kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mji uliopokea kazi yake hauwezi, siku ya kuhesabiana, kudai haumjui.

Mgogoro wa Bannyahe, yaani Kangondo na Kibiraro kule Nyarutarama, unafundisha. Tangu mwaka 2017 hadi nyumba za mwisho zilipovunjwa Septemba 2022, wakazi wengi hawakuwa wakipinga kuhama. Walibishania fidia: wao walitaka fedha, walipewa nyumba Busanza. Kuna waliowaona kama wakaidi, maana nyumba zile za Busanza zilikuwa imara kuliko zao. Lakini swali halikuwa uimara wa kuta. Mtu mzima aliyepewa kitu kizuri bila kuulizwa ametendewa kama mtoto, na jumuiya ya kisiasa si shule ya chekechea.

Jirani zetu Watanzania walilipitia somo hilo kwa ukubwa zaidi. Julius Nyerere aliandika mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba watu hawaendelezwi na mwingine, hujiendeleza wenyewe. Lengo lake la vijiji vya ujamaa, kuwaleta watu karibu na shule, maji na zahanati, lilikuwa la haki. Lakini kuanzia mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba yao. Alichokisema Nyerere mwandishi kilivunjwa na operesheni ya Nyerere rais. Lengo zuri halisafishi njia mbaya, kwa sababu lengo lenyewe ni watu, na watu hao ndio njia ilikopita.

Nataka nini, basi? Kwanza, kwa wanafunzi wenzangu: tuache kumaliza insha na midahalo yetu kwa maneno "sheria inasema". Hayo ni maneno ya kuanzia. Sheria inasema, sasa tuulize inasema kwa lengo gani, na nani anaubeba mzigo wake. Anayeuliza hivyo si mpinzani wa nchi. Anaifanya kazi ambayo msumeno hauwezi kujifanyia.

Pili, kwa walimu wetu: msitufundishe nadharia hii kama orodha ya majina na tarehe katika wiki ya pili ya muhula, halafu tuingie kwenye "sheria halisi". Tupeni amri moja, yoyote, ya kuhamisha gereji au ya kufunga soko, tuipitishe katika maswali yale matatu mbele yenu. Mwanasheria asiyeweza kufanya hivyo ni mwenye orodha ya vipuri.

Tatu, kwa wote wanaoamua juu ya kilima chetu na bonde letu, kwa kuwa baadhi yao waliketi kwenye madawati haya haya na wengine watatoka humu: ondoeni watu kwenye hatari, na mfanye hivyo haraka kabla ya mvua. Lakini muwakalishe kwanza mezani, mpangaji na mwenye hati, fundi na mama wa genge. Waulizwe wanachopoteza, na hesabu hiyo ilipwe na jiji zima, kwa sababu jiji zima ndilo litakalokunywa maji safi na kulala pasipo mafuriko. Iwapo fedha hazitoshi kwa mwaka mmoja, waambiwe hivyo wazi, na zamu ipangwe kwa kuangalia hatari, si kwa kuangalia nani ana sauti.

Mwaka 1994 tulikuwa na vyeo, mihuri, mikutano na utii. Vipuri vyote vilikuwapo. Nchi iliyopita pale haina anasa ya kuamini kwamba utaratibu unajitosheleza. Tumejenga upya, tumejenga vizuri, na katika mengi tumejenga kwa lengo lililo sahihi. Kinachobaki ni kulitaja lengo hilo kwa sauti na kulitumia kama kipimo, hasa pale linapotugharimu. Msumeno tunauhitaji. Uwe mkali, uwe wa chuma kizuri. Ila macho ni yetu, na mkono unaoushika ni lazima ujue unachokata.